Msimu wa Kusimama Wima

Nchi yenyewe ina jina, tena zuri, ila sheria inakataza mtu kulitaja akiwa ameketi. Kwa kuwa wasomaji wengi husoma wakiwa wameketi, na wengine wamejilaza kabisa, hapa tutaiita Nchi tu, tusije tukawaponza. Ni nchi ya watu wapole wanaopenda mambo matatu: wageni, hotuba na mpira wa kikapu. Wageni na hotuba wanavyo tele. Habari hii ni ya mpira wa kikapu.

Timu ya Nchi iliitwa Minara. Ilikuwa timu ya kulipwa, yaani wachezaji wake hawakuwa na kazi nyingine ya kuifanya kisingizio. Iliingia Ligi ya Majirani kwa matarajio makubwa, ikapoteza mechi zote za msimu, za nyumbani na za ugenini, hata ile ambayo wapinzani walikula samaki wabovu hotelini wakaingia uwanjani wakiyumba. Magazeti yote ya Nchi, nayo ni moja, yaliandika kila wiki kwamba Minara wanazidi kuukaribia ushindi. Mpaka ligi inakwisha walikuwa wameukaribia sana.

Nahodha wa Minara aliitwa Mkonda Chilewa, mtu mrefu mwenye magoti mabovu na mikono ambayo mpira uliipenda. Alikuwa hasemi sana. Zamani alikuwa mcheshi, mtu wa kuwaamsha wenzake kwa nyimbo za kubuni, lakini msimu ule ulimnyamazisha. Si kwamba alikuwa na huzuni. Huzuni ilimjia mwanzoni, akakaa nayo wiki chache, kisha ikaondoka bila kuaga na mahali pake hapakuja kitu.

Sababu ya kufungwa kwa Minara haikuwa siri. Katika Nchi, shughuli haiwi shughuli bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi hawezi kuwahi. Akiwahi atakuwa mtazamaji kama wengine. Akifika robo ya pili, watu watasema hana kazi ofisini. Kwa hiyo hufika robo ya tatu, na hapo bendi huupiga Wimbo wa Mapokezi, beti zote, na kila raia aliyemo ukumbini husimama wima, mikono ubavuni, macho mbele, mpaka mgeni aketi. Na mgeni haketi upesi. Kuna mstari wa viongozi wa kupeana nao mikono, kuna maua, kuna ngonjera, halafu kuna kiti, ambacho lazima kwanza kifutwe na mtu wa itifaki, kisha kifutwe tena na mtu wa usalama asiyemwamini mtu wa itifaki.

Wachezaji wa Minara ni raia. Wapinzani si raia. Waamuzi nao hutoka nje, na kanuni za ligi hazina kifungu kinachozungumzia kiti kufutwa. Saa inaendelea kutembea.

Mechi ya kwanza, Minara walikuwa wanaongoza kwa tofauti nono, kiasi kwamba Kocha Shembilu, mtu asiyeketi wakati wa mchezo, alikuwa ameketi. Bendi ikaanza. Vijana wa Minara wakakauka pale pale walipokuwa, mmoja wao mguu mmoja ukiwa bado haujashuka vizuri. Wapinzani, watoto waliolelewa kwao, nao wakasimama kwa adabu, mpaka mwamuzi alipopuliza filimbi akawauliza kama wamekuja kucheza au kuhudhuria msiba. Ndipo mchezaji wao mmoja, jitu lenye uso wa upole, akamsogelea Chilewa na kuutoa mpira mikononi mwake taratibu, kama mtu anayempokea bibi kizee mzigo.

“Samahani, kaka,” alimnong'oneza.

Akaenda akafunga. Sasa mpira ulikuwa wa Minara, lakini hakukuwa na wa kuurusha ndani, muda ukapita, wakapewa wapinzani tena. Yule mpole akafunga tena, akapita tena karibu na Chilewa, akaomba tena samahani. Baada ya mara kadhaa aliacha kuomba, ikawa kazi kama kazi nyingine.

Siku hiyo Chilewa alilia akiwa amesimama. Machozi yalishuka mpaka kidevuni na hakuruhusiwa kuyafuta, kwa kuwa mikono ni ubavuni. Mpigapicha wa gazeti aliyaona, na kesho yake picha ikatoka ukurasa wa mbele: “Nahodha Azidiwa na Uzalendo.” Waziri wa Barabara, ambaye ndiye aliyekuwa anaingia, alimtumia salamu za pongezi.

Mechi ya pili hakulia, alimeza mate tu. Baadaye hakumeza hata mate. Bendi ilipoanza, alitafuta taa moja ya darini, akaikazia macho, akawaza maharage: kama Yusta, mkewe, ameyaloweka, au atasahau kama juzi. Pembeni yake watu walikuwa wanafungwa na mfungwaji alikuwa yeye, lakini hilo alilisikia kama redio ya jirani. Wenzake wakadhani amekomaa.

Mambo yalizidi kunoga kadiri msimu ulivyosonga. Waziri wa Maji aliposikia kwamba wa Barabara alipokewa mpaka robo ya nne ikaingia, naye akaomba wimbo uongezwe ubeti, na ubeti wenyewe akautunga yeye. Ugenini nako kulikuwa na balozi, naye ni mgeni rasmi. Na pale ambapo hakukuwa na ubalozi, alitumwa afisa mmoja na picha ya Mlezi Mkuu, kiongozi wa Nchi, akaingia nayo robo ya tatu akiwa ameikumbatia kifuani, na Minara wakaisimamia picha mpaka ikapata kiti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwahi kukutana na mgeni rasmi.

*

Ligi ilipokwisha, ikaundwa Tume ya Tathmini ya Msimu na Kikosi. Hapa ni lazima tueleze desturi moja ya Nchi, maana bila hiyo msomaji wa mbali hataelewa kwa nini watu wazima walikosa usingizi.

Katika Nchi, ushindi wowote ni wa Mlezi Mkuu. Hilo halina mjadala. Lakini kushindwa ni jambo lenye utata kidogo. Likisemwa ni la wote, basi halina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe huzagaa mitaani, watu wakajikwaa nacho, wakaanza kuulizana kimetoka wapi. Kwa hiyo kila jambo likiharibika, hutafutwa mtu mmoja akakabidhiwa. Huyo huitwa Mwenye Kushindwa. Hafungwi, hapigwi, Nchi si ya kishenzi. Anapigiwa makofi, anahamishiwa Mtaa wa Wenyewe, ng'ambo ya machinjio, na tangu siku hiyo haruhusiwi kugusa kazi aliyokuwa anaifanya wala kukanyaga pale alipokuwa anaifanyia. Pale mtaani yupo mwenye ukame, yupo mwenye daraja lililozama, yupo mwenye matokeo mabaya ya mitihani ya darasa la saba. Wanaishi kwa amani.

Kwa upande wa michezo, desturi inataka Mwenye Kushindwa atajwe na nahodha, mbele ya watu. Nahodha akishindwa kutaja, basi amejitaja.

Alasiri moja, siku chache kabla ya kikao, Kocha Shembilu alifika nyumbani kwa Chilewa. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kifua cha njiwa, ambaye enzi hizo ndiye aliyemtoa Chilewa kwenye kubeba matofali na kumwekea mpira mikononi, akamwambia asiutazame, autazame uwanja. Yusta alikuwa anatwanga kisamvu.

“Shikamoo, Kocha.”

“Marahaba, mama. Huyu bwana yupo?”

“Yupo ndani, kakaa tu. Siku hizi anakaa tu. Ukimwambia nyumba inaungua atauliza ya nani.”

Chilewa alitoka, wakaketi kwenye benchi la uani. Kocha alikataa chai, jambo ambalo si kawaida yake, akaenda moja kwa moja kwenye lililomleta.

“Mwanangu, mimi sijaja kukuomba usinitaje. Najua kamba hukatikia pabovu, na pabovu ni mimi. Nimezeeka, sina mjomba wizarani. Nitaje, usinitaje, hilo ni la kwako.”

“Sijaamua, Kocha.”

“Sikia kwanza. Kuna neno nataka ulisemee pale ukumbini, watu wote wakiwepo. Sema tulikuwa tunashinda, tukasimamishwa. Basi. Mara moja tu liingie masikioni mwa watu, halafu ufanye utakavyo. Mimi nikilisema watasema najitetea. Wewe nahodha watakusikia.”

“Nitasema.”

“Hakika?”

“Nitasema, Kocha. Naahidi.”

Mzee alimpigapiga begani, akamuaga Yusta, akaondoka akitembea haraka kwa furaha. Chilewa alibaki pale benchini akijaribu kujua anajisikiaje. Alijichunguza kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, mfuko huu, mfuko ule, hakupata kitu. Yusta akaacha mtwangio.

“Umemwahidi mzee wa watu,” alisema. “Sasa usije ukakaa tu na kule.”

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi ule ule wa michezo. Mwenyekiti wa Tume alikuwa Profesa Balozi Mstaafu Ndimangwa, mtu mwenye sauti laini na kucha safi, aliyekwisha kuongoza tume ya ukame, tume ya daraja, na tume iliyochunguza kwa nini tume zimekuwa nyingi. Umati ulijaa. Kocha Shembilu alikuwa safu ya mbele amevaa suti, na pembeni yake mkewe, Mama Tumsifu, kajipamba kwa kitenge cha sherehe na kilemba kirefu kilichowaziba watu wa nyuma.

“Itifaki imezingatiwa,” alisema Profesa. “Kabla ya yote, tuondoe dhana potofu. Inasemwa msimu ulikuwa mbaya. Tume imejumlisha pointi zote ambazo Minara wamefunga msimu mzima, ikalinganisha na pointi ambazo timu yoyote moja imetufunga. Tumewazidi wote, mmoja mmoja, kwa mbali.”

Ukumbi ukapiga makofi. Chilewa, aliyeketi na wenzake kwenye benchi la wachezaji, naye alipiga makofi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezoea.

Kisha ikaja tathmini ya kikosi, mchezaji kwa mchezaji, na ikaanza na marehemu Kobelo. Huyu Kobelo alikuwa nguzo ya Minara zamani hizo. Siku ya maziko yake Mlezi Mkuu alishikwa na uchungu, akasema kaburini, “Kobelo, utaichezea Minara milele,” na neno la Mlezi Mkuu ni sheria. Tangu hapo Kobelo alipangwa kwenye watano wa kuanza. Jezi yake iliwekwa juu ya kiti karibu na mstari, na Minara wakacheza wanne.

“Nidhamu, bora,” alisema Profesa. “Hajapoteza mpira hata mmoja. Hajabishana na mwamuzi. Tume inamtangaza mchezaji bora wa msimu.”

Mjumbe mmoja wa Tume, mama mwangalifu, akainua mkono. “Mheshimiwa Mwenyekiti, ila huyu hakusimama mgeni rasmi alipoingia.”

Profesa akafikiri. “Amelala kwa ruhusa,” alisema, na hoja ikaisha.

Akafuata Mbwilo, mkwe wa mkuu wa mkoa wa magharibi, aliyesajiliwa ili kanda ile isijione mkiwa. Mbwilo aliuogopa mpira. Ukirushwa upande wake aliugeuzia mgongo, na mara mbili alikimbilia jukwaani. Tume iliona kwamba ni mchezaji mkarimu, anayewaachia wenzake nafasi, ikapendekeza aongezewe mkataba. Mbwilo akasimama akainamisha kichwa. Hakuwa kijana mbaya. Jioni nyingi alikuwa amemwambia Chilewa kwamba anachopenda ni ufugaji wa nyuki.

Zamu ya Maganga ilikuwa ngumu zaidi. Maganga ndiye aliyefunga karibu pointi zote za Minara, kijana mwepesi ambaye hata akiwa na maadui watatu mwilini alipata upenyo.

“Pointi zote hizi za mtu mmoja,” Profesa alisema kwa masikitiko. “Kijana, wenzako uliwaachia nini?”

“Mheshimiwa, mimi nilikuwa nafunga tu.”

“Ndiyo tatizo. Kanda ya kusini haijafunga pointi hata moja msimu mzima. Wewe una pointi za kusini mfukoni.”

Maganga alifunguliwa shauri la ubinafsi, akaonywa kwamba msimu ujao atafunga kwa zamu. Alirudi benchini akakaa karibu na Chilewa, akamwambia kwa sauti ya chini, “Kaka, hebu sema kitu leo. Wewe wanakuogopa.” Chilewa akatikisa kichwa kukubali. Ile sentensi alikuwa nayo mdomoni tangu asubuhi, fupi, nyepesi. Tulikuwa tunashinda, tukasimamishwa.

*

“Nahodha,” Profesa aliita.

Chilewa alitembea mpaka katikati ya uwanja. Ukumbi ulitulia. Aliona kilemba cha Mama Tumsifu kikinyooka, na mikono ya Kocha ikiwa imeshikana mapajani kama ya mtoto anayesubiri kusomewa matokeo. Akavuta pumzi.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kabla sijataja jina—”

“Najua unachotaka kusema,” Profesa alimkatiza kwa upole kabisa. “Unataka kusema mlisimama.”

“Tunajua,” Profesa aliendelea, akiwageukia watu. “Nani hajui? Mimi mwenyewe nilikuwepo. Bendi ilipiga, vijana hawa wakasimama, na wageni wakafunga. Tume imepitia picha za video, na inasema bila kumung'unya maneno: mlisimama vizuri. Mgongo umenyooka, kidevu juu. Katika mechi ya mwisho kuna mchezaji aligongwa na mpira usoni na hakupepesa. Nchi ngapi zina vijana wa namna hiyo? Heshima si utumwa, ndugu zangu. Tuwapigie makofi.”

Makofi yalirindima. Bendi, iliyokuwa pembeni, ikatupia kibwagizo.

Chilewa alisimama katikati ya makofi yale kama mtu aliyekuja na ndoo kuzima moto akakuta wenye nyumba wanauota. Alikuwa amejiandaa kubishiwa. Alikuwa amejiandaa hata kushikwa. Neno alilolibeba kwa uoga tangu asubuhi lilikuwa limesemwa na mwenyekiti, kwa kipaza sauti, na halikubomoa kitu. Akajiambia kwamba basi, limesemwa, ahadi imetimia, hata kama si kwa mdomo wake. Lilikuwa wazo jepesi, la kupumzisha, akaliegemea.

“Asiyekubali kushindwa si mshindani,” Profesa alisema makofi yalipopoa. “Na sisi tumekubali. Imebaki tu kujua tumekubali kwa jina la nani. Nahodha, tusaidie.”

Chilewa alitazama benchi. Maganga alikuwa anamkazia macho. Mbwilo alikuwa ameugeuza mgongo, kama kawaida yake. Kiti cha Kobelo kilikuwa na jezi. Aliwaza kujitaja. Wazo lilimjia wazi, akaona Yusta akifunga vyombo, akaona ng'ambo ya machinjio, akaona mikono yake isiyogusa mpira tena, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomtisha. Wala hakikumvutia. Alikuwa amechoka tu, alitaka kwenda kuketi, na jina la Kocha lilikuwa ndilo lililo karibu.

“Kocha Shembilu,” alisema.

Watu walipumua kwa pamoja, kisha wakashangilia. Mwenye Kushindwa akipatikana huwa ni furaha ya kweli katika Nchi, kwa kuwa kila mmoja amekwisha kujua kwamba si yeye. Kocha aliinuka, akafunga vifungo vya koti lake, akainama kidogo mbele ya Tume kama inavyotakiwa. Mama Tumsifu hakuinuka mara moja. Alikuwa anamtazama Chilewa, mdomo wake umefunguka kidogo, kama mtu ambaye bado anasubiri sehemu iliyobaki. Mumewe alimgusa kiwiko, wakaondoka kwa mlango wa pembeni, maana ule mkubwa ulikuwa unaandaliwa kwa ajili ya mgeni rasmi wa kufunga kikao.

Mgeni alipofika, wote walisimama.

*

Msimu mpya ulipokaribia, Chilewa aliteuliwa kuwa kocha. Tume ilimsifu kwa utulivu wake. Maelekezo aliyopewa yalikuwa mepesi: kwa kuwa sifa kuu ya Minara duniani ni kusimama, basi mazoezi yaanzie hapo. Akafundisha. Aliwafundisha vijana wapya namna ya kukauka ghafla bila kuumia nyonga, mahali pa kuweka uzito wa mwili, namna ya kutafuta taa ya kuitazama. Maganga alimsikiliza siku mbili, ya tatu akaenda zake kufuga nyuki na Mbwilo, na hakuna aliyemfuata.

“Kocha, na sisi tukiwa tumesimama, wao si wanatufunga?” aliuliza mmoja wa wapya.

“Watawafunga,” Chilewa alisema. “Usitazame.”

Jioni hiyo Yusta alimwekea chakula mbele, akakaa kumtazama akila. Akamwambia, “Nimefunga sukari na majani ya chai kwenye ule mfuko. Jumapili unampelekea Kocha.”

“Kocha ni mimi siku hizi.”

“Unajua ninayemsema. Mtu aliyekuwekea mpira mkononi huwezi kumpita kama kisiki, Mkonda. Nenda kamsalimie.”

Jumapili akaenda. Mtaa wa Wenyewe ulikuwa safi kuliko alivyodhani. Mwenye ukame alikuwa anamwagilia mchicha, umestawi mpaka unaziba njia. Mwenye daraja alikuwa amevusha mbao mbili juu ya mtaro kwa ustadi, hata mikokoteni ilipita. Kwa mwenye mitihani watoto wa jirani walikuwa wanasoma kwa sauti, na walikuwa wanapatia. Chilewa alipita katikati ya vitu hivi bila kuvistaajabia, akaonyeshwa nyumba ya mwisho.

Mama Tumsifu ndiye aliyefungua.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Pita, yupo nyuma.” Aliupokea mfuko kwa mikono miwili na kushukuru kama inavyopasa. Hakumkasirikia. Hilo lilimfanya Chilewa asijue aweke wapi macho.

Kocha alikuwa ukutani, kivulini, anashona kiatu. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, magoti, mvua. Chai ikaja, na safari hii mzee akainywa. Alikuwa amepungua, ila kifua chake cha njiwa kilikuwa pale pale.

“Nasikia unawafundisha vizuri,” alisema Kocha.

“Nafundisha nilichoambiwa.”

“Mh.” Akavuta uzi, akaukata kwa meno. “Sina kinyongo na wewe kwa kunitaja. Nilikwambia, hilo ni la kwako. Hapa napata hewa. Jambo moja tu ndilo linanisumbua. Siku ile nilimwambia mama avae kile kitenge. Nilimwambia leo utamsikia Mkonda akisema neno, uende ukalisikie kwa masikio yako. Na yeye amekaa pale mpaka mwisho, anasubiri.”

“Mwenyekiti alilisema kabla yangu, Kocha. Ulimsikia. Alisema mbele ya watu wote.”

“Alisema nini?”

“Kwamba tulisimama.”

Mzee aliweka kiatu chini.

“Tulisimama, ndiyo. Hata mlingoti unasimama. Nani alisema tulikuwa tunashinda?”

Chilewa alifungua mdomo kujibu. Akaurudia ukumbi ule kichwani, Profesa, video, makofi, kibwagizo cha bendi, akatafuta nani alilitaja. Kwenye gazeti halikuwemo. Kwenye Tume halikuwemo. Vijana wapya aliokuwa anawafundisha kila asubuhi hawakuwa wanalijua, na wasingelijua kamwe: kwamba vijana wanne na jezi juu ya kiti walikuwa wanaongoza, mechi baada ya mechi, mpaka bendi ilipoanza. Alikuwa nalo yeye, na akalikalia. Kitu kikamsukuma kifuani, kikali, na baada ya miezi yote ile alikitambua mara moja. Ilikuwa aibu.

“Tulikuwa tunashinda,” alisema. Akasema tena kwa nguvu, mpaka mwenye ukame akainua kichwa kwenye mchicha wake. “Kocha, tulikuwa tunashinda!”

Mzee alikiokota kiatu, akaanza kutafuta tundu la sindano.

“Sasa mimi unaniambia ya nini?” alisema. “Mimi nilikuwepo.”